Kichefuchefu cha Masika

Jumatatu, 3 Machi. Butiama

Mvua imenipokea. Kabla sijashusha begi mlangoni, matone makubwa yakaanza kupiga bati, na mama mkwe akasema nimekuja na neema, shamba lilikuwa linanisubiri mimi. Nikacheka. Kwetu Makoko mvua ni dagaa kutokauka na mama yangu kununa siku nzima. Huku mvua ni jembe.

Mimi na Enos tuna miezi miwili ya ndoa. Anatengeneza injini za boti Kisorya, na chumba alichopanga huko kinavuja pande zote, ndiyo maana tumekubaliana masika haya nikae kwa mama yake nilime naye mpaka apate nyumba ya kueleweka. Nyumbani wapo wawili tu. Mama mkwe jina lake Rhobi, lakini watu wote wanamwita Mama Enos. Mwingine ni wifi yangu Dorah, aliyerudi baada ya ndoa yake ya Bunda kuvunjika. Binti yake kabaki kwa baba yake. Hilo niliambiwa na Enos, nikaambiwa pia nisiulize.

Jioni nilichoma sindano mbele yao, sikutaka ionekane najificha. Mama mkwe akaguna kwa huruma.

"Enos alisema una sukari. Baba yangu alikuwaga nayo, uzeeni. Basi chai tutakunywa sote bila sukari, usijione mpweke."

Nilitaka kumwambia yangu siyo ile ya baba yake. Yangu ni aina ya kwanza. Tangu nikiwa kidato cha pili mwili wangu hautengenezi insulini hata tone, na bila sindano siishi, hata nikiacha sukari ya chai maisha yangu yote. Lakini alikuwa amefurahi sana kupata cha kunisaidia. Nikasema asante mama.

Jumatano, 5 Machi

Tumepanda mahindi. Sukari ya asubuhi nane, nzuri. Viganja vimetoka malengelenge.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mama mkwe amenitambulisha kwa kila mwanamke aliyekuwa na masikio. "Mkamwana wangu, Stellah, wa Musoma mjini." Makoko ni mjini leo.

Barafu niliyoletea insulini imeyeyuka yote, na hapa nyumbani hakuna friji. Tukitoka kanisani tumepita kwa Alfonsi, mwenye duka pale njia panda, ana friji la soda. Nimemkabidhi vichupa vipya viwili. Kile ninachokitumia nakaa nacho chumbani, hakina shida. Alfonsi alivipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mayai.

Njiani Dorah akaniuliza, "Hiyo sindano, usipochoma inakuwaje?"

"Ninaumwa."

"Unaumwaje?"

"Ninaumwa tu, wifi."

Aliendelea kuniangalia. Huyu dada ana macho ya mgambo. Anaangalia ninavyokula, ninavyoshika jembe, ninavyoenda chooni. Nahisi anakusanya kasoro za kumpelekea kaka yake. Sitaki kumpa. Sikuolewa ili niletwe kama mgonjwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tu. Tumeshinda jikoni tukichambua maharage.

Jumamosi, 22 Machi

Enos amekuja na sato wawili wakubwa na tope mpaka magotini. Mama mkwe aliwapika kwa nyanya na vitunguu, ugali wa muhogo na mtama, na nimekula nikachoma sawasawa na nilivyokula. Siku nzuri.

Baada ya chakula mama mkwe akamwambia Enos, huku akinitazama mimi, kwamba nyumba imekuwa kimya mno tangu mjukuu wake akae Bunda. Dorah akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Enos akaniuliza tukiwa wawili, "Mama anakusumbua?" Nikasema hapana. Na ni kweli. Hata mimi ninamtaka huyo mtoto.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki mbaya kidogo. Stripu za mashine ya sukari zimelowa. Paa linavuja upande wangu, kopo lilikuwa wazi, zote zimeharibika, kwa hiyo sipimi mpaka nikienda kliniki Musoma katikati ya Aprili. Nimejiambia nitausikiliza mwili. Miaka yote hii, si ninaujua.

Kichupa cha zamani kimeisha pia. Umeme ulikatika siku mbili, na nilipofika dukani Alfonsi akanipa kipya, cha baridi baridi tu. Nilipokiviringisha viganjani nikaona chembe nyeupe zimeshika kioo. Nikaviringisha zaidi, zikapungua. Nimechoma.

Alhamisi, 3 Aprili

Kiu. Tulipalilia jua likiwa kali baada ya mvua, nadhani ndilo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeamka kwenda chooni mpaka nimechoka. Mtungi wa maji ya kunywa niliujaza mimi, na nimeumaliza mimi. Dorah akasema, "Wifi, unakunywaga hivi siku zote?" Nikamjibu vibaya. Sketi ya kanisani inazunguka kiunoni.

Jumapili, 6 Aprili

Sijui niandikeje.

Wakati wa ibada harufu ya watu ilinipanda kichwani, nikatoka nje nikashikilia ukuta. Sikutapika ila ilikuwa karibu. Mama mkwe akanifuata. Hakuuliza kitu, alinifuta uso kwa kanga yake, akatabasamu kama mtu aliyepata barua aliyoisubiri mwaka mzima.

Nimehesabu. Siku zangu zimechelewa. Nimechoka, kichefuchefu, haja ndogo kila wakati. Mama mkwe anasema ndivyo alivyokuwa akiwa na Enos, hivyo hivyo. Nimepanda mpaka kwenye kilima ambako mtandao unashika, nikampigia Enos. Nikafikiri simu imekatika, kumbe anacheka peke yake kwa sauti ya chini.

Jumanne, 8 Aprili

Nimetapika tangu asubuhi. Uji haukai, maji hayakai. Mama mkwe amenizuia kwenda shamba, amenitandikia godoro sebuleni, ananikoroga uji na asali ili mtoto apate nguvu. Hakuna mtu aliyewahi kunihudumia hivi isipokuwa mama yangu mzazi.

Jioni nilipotoa sindano akaushika mkono wangu polepole.

"Mwanangu, hujala kitu tangu jana. Hiyo dawa ya kushusha sukari itashusha nini? Na mtoto je? Mimba changa haichomwichomwi."

Dorah alikuwa mlangoni. "Mama, mwache achome. Anajua mwenyewe dawa yake."

"Wewe nyamaza. Umesomea wapi?"

"Sijasoma. Ila mimi nimezaa, mama. Mimba inatapisha, haimalizi mtungi wa maji."

Ukawa ugomvi. Najua anachosemaga Sista Helena wa kliniki, tangu nikiwa mtoto: ukiumwa, usiache sindano. Lakini sina stripu. Nikichoma bila kula sukari ikashuka, nitaanguka, na kama kweli kuna mtoto? Nikachoma nusu. Mama mkwe akanibariki. Dorah hakusema usiku mwema.

Jumatano, 9 Aprili

Sijachoma. Tumbo linauma. Napumua kama nimepanda mlima na bado nimelala.

Jumatatu, 14 Aprili. Hospitali, Musoma

Niko hai. Nianze na hilo.

Mengine naandika kama nilivyosimuliwa na Dorah, kwa sababu mambo ya Alhamisi ninayakumbuka vipande vipande tu.

Anasema mchana ule alikuja kunibadilishia shuka akasikia harufu mdomoni mwangu, tamu na kali, kama ndizi zilizoivishwa kwa ajili ya pombe zikapitiliza. Akaniuliza kama nimekunywa. Nikamjibu kuhusu dagaa za mama yangu, kwamba zianuliwe, mvua inakuja. Nilikuwa napumua kwa nguvu, kwa kina, bila kupumzika. Akanifinya sikio. Sikulalamika. Hapo ndipo akatoka akaita pikipiki.

Mama mkwe alisimama mlangoni akamzuia. Hakuwa mkali. Alikuwa analia. Alisema barabara ilivyo, mashimo na matope, mtoto atatoka njiani. Dorah anasema alimshika mama yake mabega, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani, akamsogeza pembeni.

"Mama, mimi sijui kama kuna mtoto. Ila Stellah namwona, na anakufa."

Walinifunga kwa kanga mgongoni kwa dereva, Dorah nyuma yangu akinishikilia. Zahanati si mbali. Nesi wa pale alichovya karatasi kwenye mkojo wangu, ikabadilika rangi mpaka mwisho, sukari na ketoni vyote. Akanipima na mashine, ikaandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Akaning'inizia dripu ya maji palepale, akapiga simu, na tukaondoka na gari la wagonjwa, dripu Dorah ameishikilia juu kwa mkono wake. Mahali maji yalipokata barabara, anasema, dereva alisimama akaangalia, akafanya ishara ya msalaba, akapita. Dorah hakuushusha mkono.

Nilipozinduka vizuri ilikuwa Ijumaa, na alikuwa amelala kwenye kiti kichwa kimeegemea kitanda changu. Nilikuwa na dripu mikono yote miwili. Daktari, mwanamama mpole anayeitwa Daktari Ngolo, alikaa kitandani kwangu kabisa.

"Unajua ulichokuwa nacho?"

Nikasema ketoni.

"Sawa. Kwa nini zilikuja?"

Nikasema sikuchoma siku moja, na nusu siku nyingine. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ilimalizia, lakini kiu ilianza kabla, wakati nachoma vizuri. Akauliza insulini iko wapi. Dorah akaamka, akatoa kichupa kwenye mfuko wa sweta yake. Alikichukua siku ile kwenye vurugu zote zile bila kuambiwa na mtu. Daktari akakiinua dirishani, akamwonyesha Dorah, siyo mimi: chembe nyeupe zimeganda kwenye kioo kama theluji ya kwenye friji.

"Hii iliganda," alisema. "Insulini ikishaganda, hata ikiyeyuka haina nguvu tena. Alikuwa anachoma kitu dhaifu. Mwili usipopata insulini hauwezi kutumia sukari, unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na moshi wa huo moto ndiyo ketoni. Ni sumu. Ndiyo inatapisha, inaumiza tumbo, inafanya mtu apumue vile na kunuka vile. Watu wanafikiri malaria, wanafikiri tumbo, wanafikiri mimba."

Kisha akanishika mkono.

"Tulikupima, Stellah. Huna mimba. Mwili ukiumwa hivi, hata siku zinachelewa."

Dorah akageuka ukutani. Mimi sikulia. Nililia Jumamosi, mama mkwe alipoingia na Enos.

Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alileta uji kwenye chupa ya chai, akaiweka chini, akabaki amesimama. Enos alikaa akanishika miguu. Nikajua hakuna aliyemwambia bado, walikuwa wananiachia mimi.

"Mama, hakuna mtoto," nikasema. "Hakuwepo."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia kwa mbali. Nilingoja anilaumu, au amlaumu Mungu. Akakaa kwenye kile kiti cha Dorah.

"Kwa hiyo ile sindano niliyokuzuia," akasema, "ndiyo iliyokuwa inakuweka hai."

Dorah ndiye aliyesema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kumsikia nayo, "Mama, hukujua. Hakuna aliyekuambia."

Na kweli hakuna aliyemwambia. Miezi mitatu ya ndoa, wiki tano chini ya paa lake, nilimwachia aamini ugonjwa wangu ni wa chai. Dorah aliniuliza njiani kabisa, inakuwaje usipochoma, nikamjibu kama namfukuza kuku.

Jumatano, 16 Aprili. Makoko

Nimeruhusiwa. Mama yangu ananilisha furu, vile visamaki vya ziwani, wa kuchemsha na kunitazama nikimeza. Sukari tisa. Ketoni hakuna.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mama yangu mzazi hataki nirudi Butiama. Amemwambia Enos usoni, bila kuficha: "Nilikupa mtoto mzima." Enos akainamisha kichwa. Mama mkwe na Dorah hawakuwepo, wako mahindini, magugu hayasubiri sikukuu.

Nimewaambia nitarudi. Siyo kwa ushujaa. Mtu aliyesikia harufu ya mdomo wangu akajua mambo si sawa yuko kule. Lakini nimeweka sharti, na Enos amekubali: kwanza mama yake na Dorah waje kliniki, wote wawili.

Jumanne, 29 Aprili

Wamekuja. Sista Helena alitukalisha kwenye benchi nje ya chumba chake, mama mkwe katikati. Nilimwona amejikunja, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Sista hakumgombeza.

"Mama, nisikilize. Huyu akiumwa chochote, malaria, mafua, kuhara, sukari inapanda hata kama hajala. Kwa hiyo siku anayoumwa ndiyo siku ya kutoacha sindano kabisa. Kipimo kinaweza kubadilika, mtupigie tuwaambie, lakini haiachwi."

"Hata asipokula?"

"Hata asipokula. Anakunywa maji, kidogo kidogo, kila mara. Sukari ikiwa chini, hapo ndipo mnampa chai ya sukari au soda, na bado insulini inaendelea. Anapima sukari mara kwa mara, na anapima ketoni kwenye mkojo." Akampa kopo la vijikaratasi, akamwonyesha rangi pembeni. "Ikiwa hivi, sawa. Ikianza kugeuka zambarau, simu. Ikikolea, au anatapika maji hayakai, au anapumua vile ulivyoona, hamsubiri simu. Mnakuja."

Mama mkwe alilishika lile kopo akaligeuzageuza. Akasema, "Rudia ile ya kutokula."

Sista akarudia. Mara tatu. Dorah akawa anatabasamu chini chini, na mimi pia, ila mama mkwe hakujali. Alikuwa anaitia kichwani.

Kabla hatujaondoka nikamwuliza Sista lile nililokuwa naliogopa, kama mtu kama mimi anazaa. Akashangaa kwamba nilikuwa nalibeba. "Wanazaa. Wawili wako wodini sasa hivi na vitoto vyao. Ila siyo kwa kubahatisha. Sukari itulie kwanza miezi kadhaa, uje tupange, na mimba ikiingia tunakuona kila mara. Ukija na kichefuchefu, tunapima ketoni kwanza, hongera baadaye."

Mama mkwe akacheka. Nilikuwa sijamwona hata akitabasamu tangu kanisani siku ile.

Jumapili, 4 Mei. Butiama

Mahindi yamenipita kichwa. Niliyaacha yako gotini.

Alfonsi alitusubiri nje ya duka lake, amesimama. Alisikia. Anasema alivisukuma vichupa nyuma kabisa, kwenye barafu, ili watoto wanaofuata soda wasivishike, na alivyofikiri, dawa ikikaa baridi zaidi ndiyo inadumu zaidi. Akatoa kile cha pili kilichobaki, akauliza akifanye nini. Nikamwambia tukitupe. Sikuweza kumkasirikia. Alifanya kama mama mkwe alivyofanya, alitunza bila kujua.

Insulini yangu sasa inakaa nyumbani. Mama mkwe ameitengenezea mahali mwenyewe: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati unamwagiwa maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Ndani ni baridi kama kivulini karibu na ziwa. Haigandi.

Jumatano, 14 Mei

Palizi ya mwisho. Sukari saba. Dorah na mimi tumelima mstari mmoja, yeye huku mimi kule, tukikutana katikati.

Alhamisi, 22 Mei

Leo Dorah kaniambia kuhusu binti yake bila mimi kuuliza. Anaitwa Hilda, yuko darasa la tatu. Anasema akiniangalia nikienda chooni kila saa mwezi wa nne, alikuwa anamkumbuka yeye, jinsi alivyokuwa anamwangaliaga akilala, kama anapumua. "Nikishazoea kuangalia mtu, siachi," alisema. "Watu wanadhani ni umbea."

Nilidhani hivyo pia. Nikamwambia. Akasema alijua.

Jumatano, 11 Juni

Jana niliamka na homa na kutapika.

Mama mkwe alikuja na maji kikombe kimoja, Dorah akaja na mashine. Sukari kumi na saba. Nikakojolea kikopo, Dorah akachovya kijikaratasi, wote watatu tukakiinamia pale mlangoni kwenye mwanga. Zambarau hafifu, mwanzo mwanzo. Dorah akapanda kilimani kumpigia Sista Helena, akarudi na kipimo cha sindano cha kuongeza. Mama mkwe alikuwa ananishikia kikombe. Nilipotoa sindano, alinipandishia kanga mwenyewe pajani.

"Choma," akasema. "Hujala, choma."

Pikipiki ilikuwa imeshaitwa, imesimama nje, ikiwa tu nitashindwa kunywa. Nilikunywa, ila homa haikushuka, tukaenda nayo zahanati kwa utulivu, nimekaa mwenyewe. Malaria. Nilipewa dawa. Maji yalikaa. Mchana rangi ile ile, jioni ikafifia, leo asubuhi kijikaratasi hakijabadilika kabisa.

Nimekula ugali na mlenda. Mwili unauma, basi.

Ijumaa, 20 Juni

Tunavuna.

Jumatano, 25 Juni

Tunavuna. Mikono imekuwa kama ya mama mkwe. Enos amepiga simu, amepata nyumba Kisorya, vyumba viwili, bati jipya, karibu na kivuko. Atakuja Jumamosi. Dorah atasafiri na sisi mpaka Bunda, amekubaliana na baba wa Hilda kwamba mtoto akae naye likizo yote. Ameshafua nguo zake zote mara mbili.

Jumamosi, 28 Juni

Enos alifika asubuhi na mchomoko, yale magari madogo ya abiria ya barabara ya Bunda, amelikodi zima kwa ajili ya mizigo. Magunia mawili ya mahindi, chungu ndani ya chungu kimefungwa kwa mablanketi, begi langu. Nilifikiri mama mkwe atatuombea dua pale uwanjani kama desturi, na nikavua kandambili kabisa. Lakini akamwita Enos asogee mbele yake.

"Mke wako akitapika, utafanya nini?"

Enos akanitazama. Nikatazama pembeni.

"Nitampa maji, mama. Nitapima sukari. Nitapima ketoni."

"Na asipokula?"

"Achome tu."

"Sema vizuri."

"Hata asipokula, anachoma. Namwuliza Sista kipimo, lakini haiachwi."

Dorah alikuwa tayari ndani ya gari, amejiziba mdomo kwa mkono. Dereva amezima injini, anasikiliza.

"Dawa yake inakaa wapi?"

"Penye baridi. Isiguse barafu."

"Na ukimsemesha akakujibu mambo yasiyoeleweka? Na anapumua kwa nguvu, na mdomo unanuka utamu?"

"Hospitali."

"Utanipigia kwanza uniulize?"

Enos akasita. Niliona jinsi alivyotaka kusema ndiyo, kwa heshima.

"Hapana, mama. Nitampeleka kwanza."

Mama mkwe akamtazama muda kidogo, mtu mzima mwenye grisi kwenye kucha, amesimama na mikono nyuma kama yuko shuleni. Halafu akanigeukia, akanifunga vizuri kanga yangu shingoni, ingawa haikuwa imelegea.

"Haya," akamwambia. "Sasa mchukue."